Rudisheni Soseji

Kwa wale mliofutia vioo ukurasa wa wiki iliyopita, nawasamehe, na nawakumbusha kwa ufupi.

Mimi ndiye yule kijana aliyefukuzwa kazi ya kunadi mitumba kwa kosa la kuwachekesha wateja mpaka wakasahau kununua. Ndiye yule yule ambaye mchumba wake alipeleka simu kwa fundi, simu ikapona, na yeye akaolewa na fundi. Nikiwa sina mbele wala nyuma, mama mdogo akanichukua.

Mama mdogo ana kiwanda chake kidogo nyuma ya nyumba. Anatengeneza zile soseji nene zilizopikwa tayari, zinakatwa slesi nyembamba, zinafungwa pakiti, na mteja anaweka kwenye mkate anakula hivyo hivyo bila kuwasha jiko. Alinipa godoro stoo, funguo za pikapu, na kipaza sauti cha kushika mkononi, spika yake juu ya pikapu. Mtaa ukanipa jina: Spika.

Kama umewahi kuamshwa na mtu anayeimba "Soseji ya Mama, kata, weka, tafuna!", huyo nilikuwa mimi. Samahani kwa usingizi. Kwa mengine, ngoja kwanza.

Niliwaambia pia siri, na nashukuru hamjaimwaga. Dada, mtoto pekee wa mama mdogo, ana mimba, na aproni kubwa ya kiwandani ndiyo inayomsitiri. Aliyempa mimba ni fundi wa kuchomea vyuma, kijana mwenye heshima zake, yuko safari ya kazi. Akirudi atatuma wazee. Mpaka hapo nimeapa mbele ya dada kwamba mdomo wangu umefungwa. Mdomo wangu! Mnaonijua mnaelewa uzito wa kiapo hicho.

Wiki iliyopita niliishia pale simu ilipoita. Namba iliyochapwa kwenye pakiti zetu ni yangu, kwa sababu mama mdogo hapendi kusumbuliwa. Lawama zote huja kwangu.

"Ni mtu wa soseji?" sauti ya mwanamke.

"Ndiye. Kata, weka..."

"Usiimbe. Mimi ni Bibi Afya. Nilichukua pakiti zenu madukani nikazipeleka maabara. Majibu yametoka."

"Tumefaulu?"

"Mna kijidudu. Kinaitwa listeria."

Nikacheka. "Bibi Afya, hapo umepiga namba siyo. Sisi tunaosha mpaka mashine zinaona haya. Halafu kila kitu chetu kiko kwenye friji."

"Hicho hakiogopi friji. Wenzake wakikutana na baridi wanalala. Chenyewe kinaendelea kuzaana taratibu."

"Si tungesikia harufu?"

"Hakina harufu. Hakigeuzi rangi, hakigeuzi ladha. Kinachokiua ni moto, na soseji yenu watu hawaipiki." Akavuta pumzi. "Wengi watakula wasione kitu. Ninaowahofia ni wazee, wagonjwa, na hasa mama mjamzito. Yeye anaweza kupata kihoma kidogo tu, kama mafua, akadhani ni uchovu. Kumbe anayeshambuliwa ni mtoto tumboni. Kuna mjamzito yeyote hapo kwenu?"

Nilikuwa nimesimama kwenye dirisha la chumba cha kufungia pakiti. Ndani, dada alikuwa kwenye meza yake, kofia ya nailoni kichwani, anafanya lile analofanya kila siku tangu mimba ianze kumpangia chakula: anatafuna vikia.

Vikia ni zile ncha za soseji ambazo haziingii kwenye pakiti kwa kukosa umbo. Kwetu vikia ni haki ya anayefunga. Hakuna anayemuuliza.

"Haloo? Nimeuliza, kuna mjamzito?"

"Bibi Afya," nikasema, "njoo sasa hivi."

Niliingia chumba cha kufungia bila kofia wala gambuti, kosa ambalo kwa mama mdogo ni sawa na kuingia harusini na mbuzi. Nikaupiga mkono wa dada, kikia kikaruka hadi ukutani.

"We Spika! Umepagawa?"

"Tema."

"Nini?"

"Tema ulichonacho mdomoni. Tema!"

Akatema, kwa sababu ya uso wangu nadhani. Hajawahi kuniona sichekeshi. Nikamnong'oneza yote. Akaketi.

"Umekula lini?" nikamuuliza.

"Si kila siku? Unajua ninavyokula. Ndicho kitu pekee kisichonitapisha."

"Unajisikiaje?"

"Vizuri," akajibu. Alijibu haraka, na mimi mjinga nikaridhika.

"Twende hospitali basi."

"Tumwambie mama ninakwenda kufanya nini? Kiapo chako kiko wapi?" Akanishika mkono. "Mimi nipo hapa, unaniona. Zilizotoka je? Huko mitaani kuna wenzangu wangapi wenye matumbo, wanafungua pakiti sasa hivi?"

Bibi Afya alifika na begi lake begani. Ni mwanamke mfupi mwenye sauti ya mtu aliyezoea kutokaribishwa chai. Mama mdogo alimpokea mlangoni, aproni nyeupe imenyooshwa pasi. Nawaambieni, huyu mama yangu mdogo ni mtu anayeosha sabuni kabla ya kuitumia.

"Kijidudu, kiwandani kwangu? Karibu ndani, mama. Lamba sakafu! Lamba, uniambie kama utaona hata vumbi."

"Sikuja kulamba, mama. Nimekuja kuona mnavyoosha. Nani anaosha?"

Akaitwa Mzee Povu. Huyu ndiye mwoshaji wetu, na mpira wa maji wa presha ukiwa mkononi mwake utadhani ameshika bendera. Akaeleza kwa majivuno. Kazi ikiisha anafungua mashine ya kukata slesi, anaisugua kipande kwa kipande, anaipangusa kwa dawa, anaiacha wazi ikauke. Halafu, kabla ya kufunga milango, anaaga mfereji.

"Unafanya nini?" Bibi Afya akauliza.

"Naaga mfereji. Naupiga maji ya presha mpaka shimoni, usije ukanuka asubuhi. Ni utaratibu wa mama huyu mwenyewe. Hakuna kiwanda kingine kinachofanya hivyo."

"Natumaini," akasema Bibi Afya.

Akaomba ile rangi nyekundu tunayotia kwenye soseji. Akaimwaga yote kwenye mfereji. Akachukua karatasi nyeupe za kufungia, akaifunika mashine ya slesi, akafunika na meza ya dada. Sote tukasogea mlangoni.

"Sasa, mzee. Aga."

Mzee Povu akaaga. Aliaga kwa moyo wote, maji yakinguruma, ukungu ukipanda hadi kwenye taa. Alipozima, Bibi Afya akaenda kwenye mashine akaiinua karatasi, akatuonyesha.

Madoa mekundu, madogo madogo, kama mtoto mwenye surua. Pale juu ya kisu yalikuwa mengi zaidi. Meza ya dada nayo ilikuwa na yake.

"Mfereji ndiyo nyumba yake," akasema. "Jioni mnakitoa shimoni mnakirushia kwenye kisu kilichokwisha kuoshwa. Asubuhi soseji ya kwanza inapita hapo hapo."

Mzee Povu akakalia ndoo iliyofunikwa. "Kwa hiyo mimi ningekuwa mvivu..."

"Ungekuwa mvivu kidogo tu, mzee wangu, tusingefahamiana."

Hakuna aliyecheka. Hata mimi.

Mama mdogo akajaribu kulifuta doa moja kwa ncha ya aproni yake.

"Kuanzia sasa hakitoki kitu hapa," Bibi Afya akasema. "Na kilichotoka kirudi chote. Nakwenda ofisini kuomba tangazo la redio."

"Litatoka lini?" nikauliza.

"Mkubwa akitoka semina."

"Na yeye atatoka lini?"

"Semina yenyewe ina chakula kizuri," akajibu bila kutabasamu, akaondoka.

Mama mdogo akanivuta hadi kwenye pikapu.

"Spika, mwanangu. Nenda madukani ukusanye. Sema tunabadilisha pakiti. Picha mpya, rangi mpya, basi."

"Na waliokwisha kununua?"

"Waliokwisha kununua wameshakula."

"Na ambao bado?"

"Unataka nifanye nini?" Sauti ikampanda. "Wanawake wote hawa wanaofunga pakiti waende wapi? Nikitamka 'kijidudu' kwenye kipaza, nitauza nini tena maishani? Hata nikiuza maji watayachemsha mara mbili!"

Hapa sasa ndipo mnaponifahamu vizuri. Mtu wenu, mwenye mdomo wake mrefu, nilikubali. Nilijiambia kwamba muhimu ni soseji kurudi, kwa uongo au kwa ukweli zitarudi tu.

Nikaanza na duka la kona. Mwenye duka ni mwanamke mnene, mcheshi, anayeweza kukuuzia kiatu cha mguu mmoja ukaondoka unashukuru.

"Nimefuata soseji zetu. Tunabadilisha pakiti."

"Za ndani zimebadilika?"

"Hapana. Pakiti tu."

"Hazipo. Zimeisha," akasema, huku anasukuma mlango wa friji kwa nyonga.

"Si nimeziona!"

"Umeona vibaya, kaka'ngu. Pole na kazi."

Nilipogeuza pikapu mwisho wa barabara nikarudi, alikuwa ameshasimamisha kipande cha boksi mezani: ZA MWISHO, PAKITI ILE ILE YA ZAMANI. Watu wamejipanga.

"Hizo mpya watazipunguza tu," mmoja anamwambia mwenzake. "Wakibadilisha picha ujue wamebadilisha na uzito. Nipe mbili."

Mbele yake alisimama mwanamke, tumbo limemtangulia, mkono mmoja kiunoni. "Mimi nipe nne," akasema. "Huyu wa ndani ndiye anayeniagiza."

Watu wakacheka. Tangu niajiriwe sijawahi kuuza namna ile. Uongo wangu ulikuwa unauza kuliko wimbo.

Nikapanda kwenye pikapu, nikawasha kipaza.

"Ndugu zangu! Sauti hii mnaijua. Ndiyo iliyowauzia. Leo haiuzi, leo inaomba. Rudisheni soseji! Soseji ya Mama: usikate, usiweke, usitafune! Imeingiwa na kijidudu kiwandani kwetu, kosa ni letu, wala si la friji yako!"

Mwenye duka akatoka mbio. "Spika! Unaniharibia biashara!"

"Naharibu yangu kwanza, dada'ngu. Yako inafuata!"

Yule mwanamke mwenye tumbo akaganda, pakiti zake kifuani.

"Mama," nikamwambia kwenye kipaza, sina aibu, "wewe hasa. Niletee hizo. Nakuomba kama ninavyomwomba dada yangu."

Akaja, akazitupa nyuma ya pikapu kana kwamba zinaunguza.

Nikashika mitaa. Kila kona nasimama, nashusha kioo, nanguruma. "Usionje kuhakikisha, ulimi wako si maabara! Usimpe paka! Funga kwenye mfuko, niletee, kisha pangusa friji yako kwa maji ya moto na sabuni, unawe mikono! Umekwisha kula? Usikimbie huku na huko, jiangalie tu. Mjamzito, mzee, mgonjwa, ukisikia homa nenda hospitali ukaseme ulikula nini. Taja jina letu! Hatutakasirika!"

Hilo la mwisho lilikuwa uongo. Nilijua vizuri nani atakasirika.

Babu mmoja akaniletea pakiti iliyofunguliwa, lakini hataki kuiachia. "Mjukuu wangu, nimeinusa. Inanukia vizuri kabisa."

"Babu, na mimi siku naachwa na mchumba nilikuwa nanukia vizuri."

"Mimi nimekula nyama za vitani, wewe mtoto!"

"Na vita ukashinda, babu. Sasa usije ukashindwa na slesi."

Akaguna, akaitoa.

"Nikiikaanga je?" akauliza mwanamke mwingine dirishani.

"Ikiiva mpaka ndani ikafuka moshi, kinakufa. Ila mkono ulioishika, kisu, kibao, na nyanya zilizokaa karibu, hizo nazo utazikaanga? Lete tu, mama."

Kufika mchana nyuma ya pikapu kulikuwa kumejaa. Nikarudi kwa mwenye duka, maana friji yake bado ilinisuta. Watu walikuwa wengi zaidi, na ubishi umepamba moto. Ndipo nikamwona mama mdogo anakuja kwa miguu katikati ya barabara, na aproni yake. Nyuma yake dada, nyuma ya dada Mzee Povu.

"Zima hicho kitu."

Tangu nizaliwe sijawahi kumkatalia mama mdogo. Nikanyoosha mgongo.

"Shikamoo, mama mdogo. Sizimi."

Mtaa mzima ukasema "Heee!"

Alikwenda nyuma ya pikapu, akachukua pakiti, akaichana, akatoa slesi, akaiinua juu kila mtu aione. Kisha akaila. Akatafuna polepole, akameza, akafungua mdomo kuonyesha imeisha.

"Nimekula! Mnaniona nimeanguka?"

Watu wakasubiri. Na mimi, Mungu anisamehe, nikasubiri. Hakuanguka.

"Hakifanyi kazi hapo hapo!" nikapiga kelele. "Kinaweza kukaa siku, kinaweza kukaa majuma, ndipo kipige hodi!"

"Aaa, Spika, mmegombana nyumbani tu!" mtu akasema, kicheko kikalipuka. "Amenyimwa mshahara huyu!" "Amenyimwa vikia!"

Mikono ikaanza kuingia nyuma ya pikapu. Kila mtu anatafuta pakiti yake, na asiye na yake anatafuta ya mwenzake. Mwenye duka alikuwa anabeba kwa mikono miwili. Hata yule mwanamke mwenye tumbo akasogea, akanitazama, akamtazama mama mdogo aliyekuwa bado anatafuna ya pili, akachukua zake nne.

Nikarukia nyuma nikajilaza juu ya soseji. "Mtapita juu yangu!"

"Mwembamba wewe, tutapita kando!"

Mama mdogo akainua mkono, wakanyamaza. Aliona ameshinda, akataka kumalizia. Hiyo ndiyo tabia yake, na mmeona kiwandani ilikotufikisha.

"Mnataka shahidi mwingine? Huyu hapa, mwanangu wa kumzaa. Anakula kila siku." Akageuka na slesi mkononi. "Njoo, mwanangu. Kula, wakuone."

Msomaji wangu, nilikuwa na sentensi moja kinywani. Moja tu, ambayo ingemaliza kila kitu. Siku nzima nilikuwa nimepiga kelele hadi koo linawaka, na hiyo moja ndiyo sikuruhusiwa kuitoa.

Nikamtazama dada. Jua lilikuwa kali, watu wamejifunika magazeti, na yeye alikuwa amevaa sweta juu ya aproni. Midomo ilikuwa inamtetemeka kama mtu wa asubuhi ya baridi.

Kumbe ile "vizuri" ya asubuhi haikuwa vizuri.

"Kula, mwanangu."

"Mama, siwezi."

"Huwezi nini? Jana si umekula? Unaniaibisha mbele za watu."

Akaisogeza slesi mpaka karibu na mdomo wake. Nikaruka chini, nikampokonya mama mdogo mkononi, nikaitupa chini, nikaikanyaga.

Kofi nililopigwa halikuwa geni, mimi na makofi tumetoka mbali. Tatizo ni kwamba kipaza nilikuwa nimekishika karibu na shavu. Mtaa mzima ulilisikia kofi langu kwa sauti ya juu kabisa, likagonga mabati, likarudi.

"Leo hii utahama kwangu!"

"Nitahama. Lakini dada hatakula!"

Dada akaninyang'anya kipaza.

Sauti yake ni ndogo siku zote. Lakini kipaza kile hakijui kunong'ona.

"Mama, nina mimba," akasema, na mabati yakarudia. "Na tangu juzi nina homa."

Wa kwanza kusogea alikuwa yule mwanamke mwenye tumbo. Akaja, akaziweka zile nne nyuma ya pikapu moja moja, akajifuta mikono kwenye nguo, akasimama kando ya dada. Kisha mwingine. Kisha babu wa vitani. Mwenye duka akarudisha alizobeba, halafu akaingia dukani, akatoka na zile zilizokuwa "zimeisha".

Nilikuwa nimejiandaa kusikia "Mimba ya nani?" Nilikuwa hata nimeandaa la kumtetea fundi wa kuchomea vyuma. Mama mdogo hakuuliza hilo. Aliweka mgongo wa mkono wake kwenye paji la dada, akauondoa haraka, akauweka tena.

"Tangu juzi?" akasema. "Tangu juzi, na umeninyamazia?"

"Ningekwambiaje, mama? Ungeuliza nimekula nini."

Mama mdogo akatema kilichokuwa kimebaki mdomoni. Akachukua kipaza mkononi mwa dada. Nilidhani anakwenda kukivunja.

"Rudisheni," akasema. Sauti ilikuwa imekauka. "Rudisheni zote. Ni zangu mimi, na ni mbaya. Asiyeniamini aje anitukane kesho, nitakuwepo. Leo rudisheni." Akanitupia kipaza. "Spika. Washa gari."

Tukampandisha dada katikati, mama mdogo upande wa mlango. Nikazungusha ufunguo.

Tik.

Nikazungusha tena. Tik.

Ili nisikike vizuri nilikuwa nazima injini kila kona, kipaza kinaendelea kunguruma. Siku nzima. Sauti yangu ilikuwa imekunywa betri hadi tone la mwisho.

"Nini?" mama mdogo akauliza.

"Betri. Nimeimaliza kwa makelele."

Nikalitega shavu la pili. Hakulipiga. Alivua viatu, akafungua mlango, akashuka, akazungukia nyuma.

"Mnatazama nini?" akawafokea wale wale aliokuwa akishindana nao. "Sukumeni!"

Wakaja. Mzee Povu, mwenye duka, waliocheka kofi langu, wote. Kwenye kioo nikamwona na yule babu amekunja mikono ya shati.

"Hata wewe, babu?"

"Nyamaza ukanyage klachi!"

Pikapu ikajivuta kidogo, ikasimama. Ilikuwa imebeba soseji za mitaa yote.

"Nzito!" mtu akapiga kelele. "Tupeni hizi soseji chini!"

"Asiguse mtu!" Ilikuwa sauti ya mama mdogo. "Zikibaki barabarani zitaokotwa zitaliwa. Sukumeni nazo hivyo hivyo!"

Wakasukuma nazo. Magurudumu yakashika mwendo, barabara ikaanza kuteremka, nikaingiza gia, nikaachia klachi. Injini ikakohoa, ikatikisika, ikakata. Mbele mteremko ulikuwa unakaribia kuisha, na baada yake ni kilima chote cha hospitali.

Dada akanishika mkono. Kucha zake zikaingia.

"Spika," akaninong'oneza, ili mama yake asisikie. "Tangu asubuhi mtoto alikuwa anacheza tumboni. Sasa ametulia."

Nikakanyaga klachi. Nyuma yangu, bila kipaza, mama mdogo akapaza sauti kuliko yangu yoyote ya siku ile:

"Tena!"